Mti na umeme: tusidanganywe na mwiko

Katika visiwa vyetu hapana kitu kilichozoeleka kama mti. Tunakaa katika nyumba zilizoezekwa juu ya boriti na mapau, tunalala juu ya vitanda vya mti, tunavuka bahari kwa vyombo vya mti, na mama zetu wametupikia kwa mwiko na upawa tangu tukiwa wachanga. Kwa hiyo si ajabu kwamba kila mmoja wetu anajiona kuwa ni mjuzi wa mti. Na miongoni mwa mambo yanayosemwa kwa yakini barazani, bila ya mtu yeyote kuulizwa ushahidi, ni kwamba mti haupitishi moto, na kwa hivyo haupitishi umeme.

Katika maneno hayo, sehemu ya kwanza ina ukweli mkubwa. Sehemu ya pili ni kweli kwa sharti, na sharti lenyewe aghalabu halitajwi. Umeme uliofika Unguja kutoka Tanzania Bara mwaka 1980, kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, na uliofika Pemba kutoka Tanga kwa njia kama hiyo mwaka 2010, sasa umo katika vijiji vyetu, juu ya mashamba yetu ya karafuu na minazi, na jirani na madiko yetu ya wavuvi. Popote ulipopita, umekutana na mti. Na kwa kuwa sharti lisilotajwa ndilo linaloweza kuua, tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa urefu: kwa wananchi wanaoutumia umeme huo, na kwa viongozi waliokabidhiwa dhamana ya usalama wao.

HUKUMU YA MWIKO

Tuanze na joto, kwani ndiko imani yetu ilikoanzia. Mpishi akisahau kijiko cha chuma ndani ya sufuria ya uji unaochemka, akirudi hawezi kukishika. Mwiko uliokaa pale pale kwa muda ule ule anaushika bila ya wasiwasi. Pasi ya makaa imetengenezwa kwa chuma, lakini mshikio wake ni wa mti, na fundi aliyeitengeneza alijua sababu.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Wakichukua kipimo chao cha wati kwa mita kwa kila digrii moja ya joto, shaba hupata kiasi cha 400, aluminiamu kiasi cha 235, na chuma safi kiasi cha 80. Mti mkavu hupata baina ya 0.1 na 0.2 tu. Maana yake ni kwamba shaba hupitisha joto zaidi ya mara elfu mbili kuliko mti. Sababu ni umbile la mti wenyewe. Ukiutazama kwa darubini utaona kuwa ni mkusanyiko wa vijibomba vidogo mno vilivyopangika pamoja, na ndani ya vijibomba hivyo, mti ukishakauka, mna hewa. Na hewa iliyotulia ni mpitishaji dhaifu wa joto hata kuliko mti. Kwa kuwa vijibomba hivyo vimelala kwa urefu wa mti, joto husafiri kwa kufuata nyuzi za mti kiasi cha mara mbili kuliko linavyosafiri kwa kuzikata. Lakini hata hiyo mara mbili ni kidogo sana ukilinganisha na madini.

Kwa hiyo, aliyesema kwamba mti haupitishi moto hakukosea sana. Kwa usahihi tungesema kwamba mti hupitisha joto, ila kwa uchache na kwa uvivu. Hata nyumba inapoungua, boriti nene huungua kwa nje na kufanya gamba la makaa, na gamba hilo huuzuia moto usiingie ndani upesi. Mtu hutazama boriti nyeusi akadhani imekwisha, kumbe moyo wake ungali mzima.

Hata hivyo tunamwomba msomaji azingatie jambo moja katika habari hii ya mwiko, kwani tutalirejea. Mwiko unapokoroga uji haumo katika ukavu. Umelowa. Maji yamo juu yake na ndani yake, na pamoja na hayo mkono wa mpishi hauungui. Yaani katika suala la joto, kulowa kwa mti hakubadilishi hukumu. Hapo ndipo mwiko unapotufundisha somo la kweli kuhusu joto, na hapo hapo ndipo unapotupotosha kuhusu umeme.

KWA NINI WATU HULINGANISHA

Kulinganisha joto na umeme si upuuzi. Mwaka 1853 wataalamu wawili wa Ujerumani, Wiedemann na Franz, walionyesha kwamba madini yanayopitisha umeme vizuri ndiyo hayo hayo yanayopitisha joto vizuri, na kwamba mambo mawili hayo huenda kwa uwiano mmoja. Sababu ilikuja kufahamika baadaye. Ndani ya madini mna chembe ndogo mno ziitwazo elektroni, ambazo hazikufungwa mahali pamoja bali huzunguka kwa uhuru, na chembe hizo ndizo zinazobeba joto na ndizo zinazobeba umeme. Mchukuzi ni mmoja, na mizigo ni miwili. Ndiyo maana fundi anayeijua shaba kwa joto anaijua pia kwa umeme.

Kosa letu ni kuichukua kanuni hiyo ya madini na kuipeleka kwenye mti. Mti hauna elektroni huru. Joto hupita ndani yake kwa njia ya mtikisiko: chembe moja humgusa jirani yake, na jirani humgusa wa pili, kama habari inavyopita msikitini kutoka safu ya mbele hadi ya nyuma. Umeme una mchukuzi mwingine kabisa, naye ni maji. Ndani ya kila mti mna chumvichumvi zilizonyonywa na mizizi kutoka ardhini. Mti ukiwa mkavu, chumvi hizo zimekwama na haziendi popote. Mti ukipata maji, chumvi hizo huyeyuka, zikagawika katika chembe zenye chaji, na chembe hizo zikaanza kusafiri na kuubeba umeme pamoja nazo.

Hapa tofauti baina ya joto na umeme huwa kubwa kupita kiasi. Mti uliokaushwa kabisa ndani ya tanuri ni miongoni mwa vihami vizuri vilivyopo, yaani vitu vinavyouzuia umeme usipite. Lakini mti huo huo ukinyweshwa maji mpaka nyuzi zake zikashiba, jambo ambalo hutokea maji yanapofika kiasi cha asilimia 30 ya uzito wake mkavu, uwezo wake wa kupitisha umeme huongezeka kwa mara bilioni kumi, na pengine zaidi. Katika safari hiyo hiyo, kutoka ukavu wa tanuri mpaka kushiba maji, uwezo wa kupitisha joto haufiki hata kuwa maradufu. Mkono uliopata ilimu yake kwenye mwiko hauwezi kuhisi mabadiliko ya namna hiyo, kwa sababu haukupata kukutana nayo jikoni.

Tutoe mfano wa vipimo. Mafundi wa mbao wanacho chombo chenye sindano mbili ambacho huchomekwa kwenye ubao ili kujua kiasi cha maji kilichomo. Chombo hicho hakipimi maji. Hupima ukinzani, yaani ule ugumu ambao umeme huupata katika kupita, na kutokana na ukinzani huo hujulikana kiasi cha maji. Kwa mti mmoja wa Marekani wa jamii ya msonobari, ukinzani baina ya sindano hizo ukiwa na maji asilimia 7 huwa zaidi ya omu milioni 20,000. Maji yakifika asilimia 15, hubaki omu milioni 20 au pungufu. Yakifika asilimia 25, ukinzani hushuka chini ya nusu ya omu milioni moja. Ubao ni ule ule, na macho hayaoni tofauti yoyote.

Na sisi watu wa visiwani tunaishi ndani ya hewa yenye unyevu wa bahari. Mti uliokaa kivulini kwetu kwa miezi mingi, ambao sote tutauita mkavu, hubaki na maji kiasi cha asilimia 13 hadi 16 ya uzito wake. Huo ndio ukavu wetu wa kawaida, na bado hatujazungumzia masika, wala boriti iliyokatwa jana mikokoni ikiwa imejaa maji ya bahari.

Ukweli huu si mpya. Mwaka 1729, Mwingereza mmoja aitwaye Stephen Gray, aliyekuwa na kazi ya kutia nguo rangi, aliufikicha mrija wa kioo mpaka ukapata umeme wa msuguano, akauchomeka kizibo, na juu ya kizibo akasimamisha kijiti cha msonobari chenye kijipira cha pembe ya ndovu kwenye ncha yake. Kijipira kikavuta unyoya. Umeme ulikuwa umetoka kwenye kioo, ukapita ndani ya kijiti, ukafika upande wa pili. Majaribio ya Gray ndiyo yaliyouwezesha ulimwengu kuvigawa vitu katika vile vinavyopitisha umeme na vile visivyopitisha, na miongoni mwa vile vilivyopitisha tangu siku za mwanzo ulikuwamo mti.

UZOEFU UNAODANGANYA

Mtu mzima mmoja anaweza kutujibu: «Mimi nimeshika waya wa nyumbani kwa ukuni mara nyingi na sikudhurika.» Hatumkanushi. Lakini tunamwomba afuatane nasi katika hesabu ndogo ili aone kwa nini uzoefu wake si dalili ya usalama.

Tuchukue boriti mbichi iliyoshiba maji, yenye urefu wa mita 4 na unene wa sentimita 10. Kwa ukinzani wa omu 1,000 kwa kila mita ya ujazo wa namna hiyo ya mti, boriti nzima itakuwa na ukinzani wa kiasi cha omu laki tano. Boriti hiyo ikigusa waya wa nyumbani wenye volti 230, umeme utakaopita ni chini ya nusu ya miliampea moja. Aghalabu mtu hatahisi chochote. Atasema mti haupitishi umeme, na atawafundisha hivyo wanawe.

Sasa boriti hiyo hiyo na iguse waya mmoja wa njia kubwa ya volti 33,000, ambao baina yake na ardhi mna volti 19,000. Umeme utakaopita ni kiasi cha miliampea 38. Kwa njia ya volti 11,000, ambayo waya wake mmoja una kiasi cha volti 6,350 kwa ardhi, zitapita kama miliampea 13. Miliampea 10 hivi zinatosha kuikaza misuli ya mkono mpaka mtu ashindwe kuachia alichokishika. Miliampea 30 ndizo zilizowekwa kuwa mpaka katika vile vifaa vya usalama vinavyokata umeme majumbani kabla haujaua. Mti ni ule ule na mikono ni ile ile. Waya ndio uliobadilika. Na hesabu yetu imechukua maji ya kawaida ya mti. Boriti iliyolowa maji ya bahari, au upondo uliotoka kusukumia chombo sasa hivi, una chumvi juu ya ngozi yake, na maji ya bahari hupitisha umeme vizuri mno kuliko utomvu wa mti. Kijiti kifupi kilicholowa chumvi kinaweza kudhuru hata kwa umeme wa nyumbani.

Kwa hiyo hatari inajengwa taratibu na uzoefu wenyewe. Mtu hujaribu mahali ambapo umeme ni mdogo, akanusurika, akajenga imani. Kisha imani hiyo huibeba mpaka mahali ambapo umeme ni mkubwa. Mvuvi anayepitisha mlingoti ulioinuliwa chini ya nyaya karibu na diko, mchumaji wa karafuu anayeegemeza ngazi kwenye mti uliokutana na waya, kijana anayetungua maembe kwa upembo mbichi, mwenye gari la ng'ombe aliyepakia boriti zikasimama juu: wote hawa wameshika mti, na wote wanadhani mti umewakinga.

NGUZO NA VIKOMBE VYAKE

Pengine msomaji atauliza: ikiwa mambo ni hivyo, mbona nguzo za umeme ni za mti? Swali ni zuri, na jawabu lake linaonekana juu ya nguzo yenyewe. Mwananchi na ainue macho atazame. Waya haukufungwa kwenye mti. Umekaa juu ya kikombe cha kaure au cha kioo, au cha aina nyingine ya kihami, na kikombe ndicho kilichokaa juu ya nguzo. Lau mti ungekuwa kihami cha kutegemewa wakati wa jua na wakati wa mvua, wahandisi wasingeingia gharama ya vikombe hivyo. Kazi ya nguzo ni kuubeba uzito. Kazi ya kuuzuia umeme ni ya kikombe.

Na hata kikombe kinahitaji kuangaliwa, hasa katika visiwa. Upepo wa bahari huleta chumvi, na msimu wa kiangazi huleta vumbi, na vyote viwili hukaa juu ya kikombe kwa wiki nyingi bila ya kudhuru, maadamu ni vikavu. Kisha huja manyunyu. Mvua kubwa ingeosha, lakini manyunyu hulowesha tu, na chumvi iliyolowa hupitisha umeme. Umeme mdogo huvuja, ukapita juu ya kikombe, ukaingia katika mti wa nguzo. Pale penye mpaka baina ya sehemu ya mti iliyolowa na sehemu iliyo kavu, umeme hupata ugumu wa kupita, na ugumu huo hugeuka kuwa joto. Mti nao, kama mwiko ulivyotufundisha, hautoi joto upesi. Hulifungia mahali pamoja. Joto hujikusanya, na nguzo ikaanza kuungua kwa juu huku mvua inanyesha. Jambo hili linajulikana kwa wahandisi wa umeme katika nchi nyingi za pwani. Mwananchi akiliona asidhani ni ajabu, wala asisogee karibu kumwagia maji. Awape habari wahusika mara moja.

Tena kuna balaa la pili linalofuata la kwanza. Mti ukiungua kwa joto kali mno hugeuka kaboni, na kaboni ya namna hiyo hupitisha umeme hata ikiwa kavu. Hivyo njia ya umeme ikishajichoma juu ya ubao, ubao ule hauwezi tena kurudi kuwa kihami kwa kukaushwa juani. Kwa hiyo kibao cha mti kilichofungiwa swichi au soketi ukutani, kikionekana na michirizi myeusi iliyoungua, kisipigwe rangi kikaachwa. Kiondolewe.

MTI ULIONYANG'ANYWA MAJI

Tusije tukaeleweka vibaya kwamba mti hauna kazi katika umeme. Ndani ya yale matangi ya chuma yaliyo juu ya nguzo zetu, ambayo huyapunguza makali ya umeme kabla haujaingia majumbani na ambayo mafundi huyaita transfoma, nyaya za shaba zimezungushiwa karatasi na makaratasi magumu yaliyoshindiliwa. Karatasi hiyo imetokana na mti. Inauzuia umeme wa maelfu ya volti kwa miaka mingi, na hakuna anayelalamika.

Lakini tazama masharti yake. Kwanza karatasi hukaushwa mpaka maji karibu yote yatoke. Pili huzamishwa ndani ya mafuta ili maji yasirudi. Tatu hufungwa ndani ya tangi ili hewa yenye unyevu isiingie ovyo. Na hata baada ya hayo, wahandisi hupima mara kwa mara kama maji yameanza kuingia, kwa kuwa wanajua kuwa siku maji yatakapoingia, kihami kitaanza kufa. Huo ndio mkataba wa haki baina ya binadamu na mti katika jambo la umeme. Anayeutegemea mti bila ya masharti hayo anategemea kitu ambacho hali yake hakuipima.

Hali ya radi ni kadhalika. Mnazi au mwembe uliosimama peke yake uwandani umejaa maji kuanzia mzizi mpaka kilele, na hupitisha umeme vizuri kuliko hewa iliyouzunguka. Radi ikiushukia, maji yaliyomo huchemka ghafla, na gamba hupasuka na kuruka. Na mwili wa binadamu hupitisha umeme vizuri kuliko mti. Kwa hiyo umeme unaoshuka na mti unaweza kuruka ukamwingia aliyejibanza shinani. Anayekimbilia chini ya mti kwa kuogopa kulowa anaikimbia mvua na kuifuata radi.

WAJIBU WA WANANCHI

Kutokana na maelezo haya, tunawasihi wananchi wayashike mambo yafuatayo.

Mtu akinaswa na umeme nyumbani, la kwanza ni kukata umeme kwenye swichi kuu. Kutafuta fimbo kunakuja baada ya hapo, na ni kwa dharura tu, pale ambapo swichi haifikiki. Hapo mwokoaji asimame juu ya kitu kikavu, atumie mpini mkavu kabisa wa mti au kitu cha plastiki, ausukume waya au ausukume mkono wa aliyenaswa, na asimguse kwa mkono wake mtupu. Kuni iliyolala uani usiku, fito iliyong'olewa uani, kuti bichi, kasia lililotoka baharini: vyote hivyo visitumike. Aliyeokolewa apelekwe hospitali hata akisema ni mzima, kwa kuwa umeme unaweza kuudhuru moyo na viungo vya ndani bila ya kuacha alama kubwa juu ya ngozi.

Waya wa njia kubwa ukianguka, hapana mti wa kuokolea, uwe mkavu au mbichi. Watu wakae mbali, si chini ya mita 10, wazuie watoto na mifugo, na wawape habari wahusika wa umeme. Aliyejikuta yupo karibu na waya huo aondoke kwa kuburura miguu ikiwa karibu karibu, asipige hatua ndefu, kwani ardhi yenyewe huwa na umeme, na hatua ndefu huupa umeme njia ya kupanda mguu mmoja na kushuka mwingine.

Na yule ambaye nyumba yake iko mbali na nguzo, asikate boriti mikokoni akaisimamisha na kutundika waya juu yake kwa kamba au kwa misumari. Boriti hiyo itakapopata mvua, na ngozi ya waya itakapochubuka, mti ule hautamlinda mtoto atakayeuegemea.

WAJIBU WA VIONGOZI

Hata hivyo hatutakuwa waadilifu ikiwa tutamtupia mwananchi mzigo wote. Mtu hatundiki waya juu ya boriti kwa kupenda hatari. Hufanya hivyo kwa kuwa gharama ya kusogezewa nguzo ni kubwa kuliko uwezo wake, au kwa kuwa amesubiri muda mrefu. Kumkataza bila ya kumpa njia ni kumwambia akae gizani, na visiwa hivi vinajua giza ni nini. Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme wa gridi kuanzia Mei 2008, na ikakaa tena miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Watu waliopitia hayo hawawezi kulaumiwa kwa kuuthamini umeme. Wanastahiki kuwekewa utaratibu wa kuupata kwa salama, kwa malipo ya awamu wanayoweza kuyamudu.

Pili, ukataji wa matawi yanayogusa nyaya ufanywe kabla ya masika na kabla ya vuli, wakati miti ingali mikavu kiasi, wala usingoje malalamiko. Tawi bichi linalogusa waya ni njia ya umeme iliyokwisha kujengwa. Uoshaji na ukaguzi wa vikombe katika sehemu za pwani nao upangwe mwishoni mwa kiangazi, kabla ya manyunyu ya kwanza.

Tatu, pahala penye diko, penye uwanja wa kujengea vyombo au penye njia ya kupitishia boriti, nyaya ziinuliwe au zihamishwe, na pawekwe ilani kwa Kiswahili kinachosomeka. Si haki kumtaka mvuvi aushushe mlingoti wake kila siku kwa sababu ya waya uliokuja baada ya diko kuwapo kwa karne nzima.

Nne, masheha na walimu washirikishwe. Katika skuli zetu mtoto hufundishwa kwamba shaba ni kipitishi na mti ni kihami, akaandika, akapata alama, akaenda zake. Sentensi hiyo haitoshi. Mwalimu amwonyeshe kijiti kilichokauka na kijiti kilichotoka majini, na amweleze kwamba jina la mti ni moja lakini hali zake ni mbili. Jaribio hilo halihitaji maabara kubwa. Linahitaji betri ndogo na kipimo cha ukinzani, ambacho siku hizi hupatikana kwa bei nafuu, na ndoo ya maji. Kamwe lisifanywe kwa umeme wa ukutani.

Wazee wetu walioujua mti kuliko sisi hawakuutendea mti wote sawasawa. Fundi wa jahazi alichagua mbao kwa kuijua hali yake, akaiacha ikauke kwa muda wake, na akajua ni ipi ya mkuku na ipi ya ubavu. Kila mti aliuuliza kwanza: umekauka au bado? Umeme umekuja baada yao, lakini swali lao ndilo hasa analopaswa kulijibu kila mwenye kuunyosha mkono wake kwenye mti uliokaribia waya, na kila ofisa mwenye kutia saini juu ya nguzo, kibao na njia ya waya. Asiyeweza kulijibu kwa uhakika na auhesabu mti kuwa una maji, na afanye kazi yake kwa hesabu hiyo.